Nusu Maili Irudi kwa Wenyewe

Mkubwa akitaka kufunga msitu hasemi, "Nataka mali yenu." Husema taifa lina haja kubwa, tena haja ya kesho. Nani atabisha aonekane adui wa nchi?

Waingereza waliyaona haya kwao. Misitu ya mfalme ilikuwa na wenyeji wake, watu wa kuokota kuni, kulisha nguruwe na kuchimba makaa. Sheria ya mwaka 1698 kule New Forest, na nyingine ya 1808 iliyogusa Forest of Dean, zikafunga maelfu ya ekari ili ipandwe mialoni ya kujengea manowari. Meli moja kama HMS Victory ilikula miti kama 6,000, na mwaloni unataka miaka mia kukomaa. Mwaka 1831 wachimbaji wa Dean wakachoka, wakabomoa uzio wakiongozwa na Warren James. Jamaa akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa, akatupwa uhamishoni Tasmania maisha. Na mialoni? Desemba 1860 HMS Warrior ikashushwa majini, manowari ya chuma! Miti ya 1808 ilikuwa bado michanga. Haja ikaisha, msitu ukabaki wa serikali.

Mtasema ya Ulaya yanatuhusu nini sisi wa Moshi. Yanatuhusu sana. Mwaka 1895 Kaisari wa Ujerumani alitangaza kwamba ardhi yote huku isiyo na mwenyewe ni mali ya taji lake. Isiyo na mwenyewe kwa macho ya nani? Mchaga mpaka wake aliujua kwa masale, si kwa hati. Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi akanyongwa pamoja na viongozi wenzake. Baada ya hapo nani angekwenda bomani kudai msitu? Mwingereza akaja, akaendeleza palepale: mwaka 1921 msitu wa Kilimanjaro ukatangazwa hifadhi ya serikali.

Wananchi walibanwa mpaka mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, kama mita 800, kati ya vihamba na msitu wa juu. Humo watu wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao. Baraza la Wachaga likausimamia na miti ikapandwa. Baada ya uhuru tawala za machifu zikafutwa, na ukanda ukaanza kurushwa ofisi hii kwenda ile. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikapanuliwa kuchukua msitu wote, na Nusu Maili nayo ikamezwa.

Zamani haja ilikuwa mbao. Siku hizi ni maji, theluji na watalii. Hizi si haja za uongo, hapo simbishii mtu. Msitu ukiisha mifereji yetu itakauka. Swali langu ni moja tu: nani analipa? Mlima umekuwa urithi wa dunia tangu 1987, lakini anayekimbizwa na mzigo wa majani kichwani ni mama wa kijijini. Na ng'ombe wa Uchagani hachungwi porini, analetewa majani zizini. Ukimnyang'anya mama mundu umemnyima mtoto maziwa na mgomba mbolea.

Wapo wanaosema wanavijiji ndio waliomaliza msitu. Tusidanganyane, wamo waliokata. Lakini uchunguzi wa ndege wa mwaka 2001 ulikuta miti ya mseri imeangushwa kwa maelfu, tena ndani ya msitu uliokuwa tayari wa serikali. Mseri hautoki msituni kichwani mwa mama, jamani! Unataka msumeno, lori, na mtu wa kufumba macho barabarani. Vigogo vya mseri vilihitaji vigogo wa mjini. Na nani aliyefyeka miti ya asili Rongai na West Kilimanjaro apande misindano na misaipresi ya kupasua mbao? Si mama wa mundu. Ni serikali, ya mkoloni na iliyofuata.

Kwa hiyo nasema: Nusu Maili irudi vijijini. Mipaka ipimwe upya mbele ya wazee. Vijiji vipande, vivune, na vimshitaki wenyewe anayevuka kwenda kuangusha mseri. Si ndoto hii. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya vijiji. Na atakayetaka kufunga kipande kingine aseme kwa maandishi kinafungwa kwa haja gani, mpaka lini, na aliyenyimwa atalipwa nini.

Sasa tugeukiane sisi wenye kalamu. Vijana wa Majengo, Pasua na Soweto, hebu hesabuni mashairi tuliyoandika juu ya theluji ya Kibo. Halafu hesabuni yanayotaja mundu. Tumeuandika mlima kama picha ya kalenda, eti ndiyo fasihi! Mkulima hayumo, mama hayumo, kesi hazimo. Ofisi zina ramani na mihuri. Mabibi wana kumbukumbu tu, na kila mwaka tunawazika. Panda daladala mpaka barabara inapoishia, uulize mpaka ulikuwa wapi, nani aliuhamisha, mwaka gani. Kisha andika, na jina lako uliweke chini.