Chipu Isiyo na Kitabu

Kuna dhuluma isiyo na damu wala kelele, na kwa sababu hiyo haisemwi. Mtu anauziwa kifaa, analipa bei yake yote, anakifikisha nyumbani, kumbe alichouziwa ni nusu. Nusu ya pili, yaani maarifa ya namna ya kukiamrisha kifaa kile kifanye kazi yake, imebaki kabatini kwa mwenye kiwanda. Waswahili huita jambo hili kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nasema afadhali yule wa gunia, maana ukifika nyumbani utalifungua na kumwona mbuzi wako, awe mnene au amekonda. Gunia ninalolisema mimi halifunguki.

Nazungumzia draiva za kompyuta, hasa zile za tabaka la chini kabisa la mtandao, pale ambapo hesabu ya kompyuta hugeuka kuwa umeme ndani ya waya. Msomaji asiogope. Jambo lenyewe si gumu. Limefanywa gumu na wale wanaonufaika na ugumu wake.

Ndani ya kadi ya mtandao wa waya zimo sehemu mbili. Ya kwanza hupanga data katika pakiti na kuzitia anwani. Ya pili, ambayo mafundi huiita fai, huzitwaa zile sifuri na moja na kuzifanya volti zinazoweza kusafiri wayani. Fai ndiyo inayobisha hodi kwa mwenziwe wa upande wa pili na kupatana naye: twende kwa kasi gani, megabiti 10, 100 au 1000 kwa sekunde? Tuseme kwa zamu, au tuseme wote kwa wakati mmoja?

Kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi, huzungumza na fai kwa nyaya mbili nyembamba, mmoja wa mapigo ya saa na mwingine wa data. Kwa nyaya hizo husoma na kuandika katika vijisanduku viitwavyo rejista. Kanuni ya awali ya Etheneti imeipa kila fai rejista 32, na kila rejista ina biti 16. Rejista namba 0 ni ya kuamrisha. Namba 1 ni ya kuuliza hali, kwa mfano kama waya umeshika. Namba 2 na 3 ni kitambulisho, ili kerneli ijue imekutana na chipu ya nani.

Sasa tazama hapa, msomaji, maana ndipo ugomvi wangu ulipo. Rejista 0 hadi 15 zimewekwa na kanuni, na kila mtu anajua au anaweza kujua maana yake. Rejista 16 hadi 31 ameachiwa mtengenezaji azitumie apendavyo. Nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni ya umma. Nusu ya pili ni ya bwana mkubwa, naye akitaka atakuambia kilichomo, asipotaka atanyamaza.

Labda utasema: si yatosha hiyo nusu ya umma? Mara nyingine yatosha. Kerneli ya Linux ina draiva ya jumla inayojua rejista za kanuni peke yake, na chipu nyingi huenda nayo kwa kusuasua. Lakini chukua mfano mmoja. Katika muundo mmoja unaotumika sana wa kuunganisha zile sehemu mbili, mapigo ya saa hutakiwa yacheleweshwe kwa takriban nanosekunde 2 ili data isomwe kwa wakati wake. Ucheleweshaji huo waweza kufanywa na fai, au na sehemu ya kwanza, au kwa kurefusha njia za shaba kwenye bodi. Wakiufanya wawili, au asiufanye yeyote, taa ya kadi itawaka, kasi itaonekana 1000, na pakiti hazitafika salama. Na swichi ya kuwasha au kuzima ucheleweshaji ndani ya fai iko wapi? Kwa kawaida iko upande wa bwana mkubwa. Fundi asiye na kitabu cha chipu hiyo atabaki kuitazama taa inayowaka, wala hatajua aanzie wapi.

Wenye kerneli walifanya sehemu yao. Zamani kila draiva ya kadi ya mtandao ilibeba ndani yake maelekezo yake yenyewe ya kuitawala fai, hata kama fai ile ile ilikuwa kwenye kadi nyingine kumi. Kazi moja ikirudiwa mara kumi, na kosa moja likisahihishwa mahali pamoja na kubaki kwingine kote. Mwaka 2005 iliingizwa katika Linux maktaba moja ya kuzisimamia fai zote, iliyoandikwa na Andy Fleming. Tangu hapo draiva ya fai huandikwa mara moja, na kadi yoyote yenye fai hiyo huitumia. Huo ndio ujamaa wa kweli wa kazi: anayetengeneza mlango mmoja amewatengenezea wote wanaopita. Lakini maktaba hiyo haiwezi kutoa maarifa iliyonyimwa.

Nije kwetu. Niliwahi kusaidia katika shule moja ya sekondari iliyokuwa imepata kompyuta zilizokwishatumika Ulaya. Mashine nzuri, safi, zenye nguvu ya kutosha kabisa kwa kazi ya wanafunzi. Draiva ya kadi zake za mtandao haikuwa ndani ya kerneli rasmi. Mtengenezaji alikuwa ameitoa pembeni, imekwisha kusukwa, huwezi kuisoma wala kuigusa, nayo ilikubali toleo moja tu la kerneli la miaka mingi nyuma. Tulipoweka kerneli mpya ili kuziba matundu ya usalama, mtandao ukafa katika chumba kizima. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Ndugu fundi, kwani zimeharibika?" Nikamjibu, "La, Mwalimu. Hakuna kilichoharibika." Na huo ndio uliokuwa uchungu wake: hakuna kilichoharibika. Shule ikabaki na njia mbili, ama irudi kwenye kerneli yenye matundu, ama ikae bila mtandao, mpaka apatikane mtu wa kununua kadi nyingine kwa fedha zilizotengwa kwa vitabu.

Nchi tajiri hazioni sana tatizo hili, kwa kuwa kompyuta ya huko hubadilishwa kabla draiva yake haijazeeka. Sisi tunaovaa mitumba ya nguo na ya mashine ndio tunaozipokea zikiwa na maisha marefu bado mbele yake. Kwetu kompyuta inaweza kufanya kazi miaka 10, hata 15, kama imetunzwa. Basi draiva iliyofungwa ni tarehe ya kufa iliyoandikwa kwa siri juu ya kitu ambacho bado ni kizima.

Watengenezaji wana majibu yao, nami sitayaficha. Wa kwanza husema: tukitoa kitabu, washindani watatuiba. Lakini kitabu cha rejista hakifundishi jinsi ya kutengeneza chipu, kama vile kujua usukani na breki hakumfanyi mtu aweze kujenga gari. Wa pili, hasa wa redio za Wi-Fi, walisema: tukifungua draiva, watu watavunja sheria za masafa. Hoja hiyo ilirudiwa kwa miaka. Kisha mwaka 2008 Atheros ikatoa draiva ya wazi ya kadi zake mpya, na mwaka 2010 Broadcom nayo ikafuata. Hawakufilisika. Mwaka 2011 Qualcomm iliinunua Atheros kwa zaidi ya dola bilioni 3. Na kabla Broadcom haijafungua, watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuichunguza draiva yake ya siri, wakaandika maelezo, na wengine wakaandika draiva mpya kutokana na maelezo hayo, ikaingia katika kerneli mwaka 2006. Siri haikulinda kitu. Ilipoteza tu miaka ya watu waungwana.

Wa tatu husema: hatuwezi kuhudumia bidhaa ya zamani milele. Nani kawaomba milele? Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haitoi ahadi ya kudumisha mpangilio wake wa ndani, na hilo wanalitumia kama kisingizio. Lakini kuna upande wa pili wa desturi hiyo: anayebadilisha mpangilio wa ndani hutakiwa azirekebishe na draiva zote zilizomo zinazoguswa na badiliko lake. Draiva iliyo ndani hutunzwa na nyumba nzima. Iliyo nje hufa peke yake. Hatumtaki mtengenezaji afanye kazi daima. Tunataka asituzuie sisi kuifanya.

Wapo watengenezaji wanaozileta draiva zao wenyewe, kwa majina yao, wakakubali kusahihishwa hadharani. Hao nawapongeza, na ndio wanaowavua wenzao kisingizio.

Na sisi wanunuzi tusijifanye yatima. Wizara, halmashauri, vyuo na mashirika hununua kompyuta kwa zabuni, na katika zabuni hizo huandikwa ukubwa wa diski, upana wa kioo, hata rangi ya kasha. Mara ngapi umeona imeandikwa kwamba draiva ya kila kifaa iwe tayari ndani ya kerneli rasmi, au kitabu cha rejista zake kitolewe bila masharti? Mstari mmoja! Haugharimu hata senti. Muuzaji anayetaka fedha zako ataupeleka mstari huo kwa mtengenezaji haraka kuliko barua mia za mafundi. Wale wanaopewa misaada nao waulize swali hilo hilo kabla ya kupiga picha za makabidhiano, maana zawadi isiyotengenezeka ni mzigo uliofungwa utepe.

Vyuo vyetu navyo viwafundishe vijana kusoma kitabu cha chipu, rejista kwa rejista, na si kubonyeza vitufe vya kusakinisha tu. Siku kitabu kitakapotolewa, lazima awepo wa kukifungua.

Nusu ya rejista ni za kanuni na nusu za kiwanda. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Kiwanda na kiwe na ubunifu wake. Lakini mnunuzi amelipia rejista zote 32, hakulipia 16. Anayeuza chipu na auze na kitabu chake. Na asiyetaka kukitoa, apunguze bei kwa nusu, ili dunia ijue anauza nini.