Shura Kabla ya Mashine



Kikombe cha chai tunachokunywa asubuhi hapa pwani kimepita katika mikono mingi. Huko Kericho na Bomet wachumaji, na wengi wao ni wanawake, hujitwika kikapu mgongoni, wakachuma majani mawili na chipukizi lake, wakalipwa kwa kilo. Kisha chai hiyo huteremshwa Mombasa kuuzwa mnadani.

Tukiwa safarini kwenda Kisumu tulipumzika Fort Ternan, katika nyumba isiyo mbali na kituo cha zamani cha reli. Mwenyeji wetu, mama aliyechuma chai kwa miaka mingi, alitusimulia siku mashine za kuchumia zilipoletwa shambani kwao. "Shehe, mashine yenyewe hatukuichukia," alisema. "Kilichotuuma ni kuikuta asubuhi imekwisha kuanza kazi, na hakuna aliyetuambia sisi tutakwenda wapi."

Maneno haya yana uzito. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma kwa sababu ya mashine hizo, na Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizitia moto. Hatuungi mkono kuharibu mali ya mtu, kwani dhulma haiondolewi kwa dhulma. Wala hatumkatalii mwenye shamba kutafuta nafuu ya gharama. Lakini meneja anayetaka watu wake waliridhie jambo jipya na ajiulize: je, aliwashauri kabla ya kukata shauri, au aliwapa habari tu baada ya shauri kwisha?

Mola wetu, katika Surat Aal Imran, aya ya 159, alimwamuru Mtume wetu (s.a.w.) awashauri Masahaba zake, ilhali yeye alikuwa akipokea wahyi. Sisi ni nani hata tujione hatuna haja ya shura? Katika mwaka wa 5 Hijria, Salman al-Farisi alitoa rai ya kuchimba handaki, jambo geni kwa Waarabu. Mtume aliikubali, kisha akachimba na kubeba udongo pamoja nao. Watu hawakusitasita kushika majembe walipomwona kiongozi wao naye ana vumbi mwilini.

Mwaka uliofuata, huko Hudaybiya, aliwaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa. Nyoyo zilikuwa na huzuni kwa kuzuiwa Makka, na hakuna aliyeinuka. Mtume aliingia kwa mkewe, Bibi Umm Salama, akamweleza. Yeye alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa kwanza. Alipofanya hivyo, wote waliinuka wakamfuata. Enyi dada zetu, tazameni: busara ya mwanamke mmoja ilifungua jambo lililowashinda wanaume wengi.

Basi meneja na awakalishe watu wake mapema. Awaeleze kwa uwazi nani atapungukiwa na nini, wala asiwafiche kwa maneno matamu. Awasikilize wachumaji, kwani wao ndio wanaojua mteremko upi mashine haitaufaa. Wale wale waliobeba vikapu ndio wafunzwe kwanza kuishika mashine, kabla ya kuletwa wageni. Na ikiwa kuna mzigo wa kubeba, yeye autangulie.

Nasi majumbani tusijisahau. Mume anayehamisha watoto madrasa au kuuza kiwanja, kisha mkewe akazipata habari hizo kwa jirani, ana tofauti gani na yule aliyeshusha mashine alfajiri? Penye wengi hapaharibiki neno.

Mwenyeji wetu sasa anauza maziwa. Tulipomuaga alitutilia chai ya mwisho, akasema, "Wangaliniuliza tu." Tunamuomba Allah awape viongozi wetu masikio kabla ya amri, na awafungulie milango ya riziki wote waliofungiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.