Mganga Hajigangi, na Sisi Tuamke



Sisi wa Mazinde, tukaao chini ya milima ya Usambara kando ya reli ya Tanga, tumezoea kuona jasho letu likipangiwa bei ng'ambo. Wazee wetu waliokata mkonge waliona, katikati ya miaka ya 1960, jinsi bei ya singa ilivyoporomoka pale viwanda vya mbali vilipogeukia nyuzi za kutengenezwa. Hakuna aliyekuja Mazinde kuwauliza. Leo twasema habari ya mkato mwingine wa namna hiyo. Ila safari hii kilichokatwa si bei ya mkonge, ni dawa ya mgonjwa.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Mwezi Machi serikali yake ikatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Nchi yetu ilikuwa imo. Tangu Marekani ilipoanzisha mpango wa PEPFAR mwaka 2003, sehemu kubwa ya dawa za UKIMWI, vipimo na malipo ya wahudumu ilitoka huko na katika Mfuko wa Dunia. Ni kweli kwamba baadaye vibali vilitolewa ili baadhi ya huduma ziendelee. Lakini mgonjwa anayemeza dawa kila siku hawezi kuishi kwa kungoja vibali.

Sababu yao ni nini? Wamesema fedha zinapotea na deni la nchi yao limezidi. Haya, na tuhesabu. Katika mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2024 serikali ya Marekani ilitumia dola trilioni 6.75 hivi, ikakusanya trilioni 4.9. Upungufu ulikuwa trilioni 1.8, na riba ya deni peke yake ilipita fedha za jeshi lao. Misaada ya nje ilikuwa kama senti moja katika kila dola iliyotumika. Hata ukiifuta yote, shimo hilo halijai.

Tena tazameni kilichofuata. Tarehe 4 Julai 2025, siku tatu tu baada ya kuifunga USAID, walitia sahihi sheria ya kupunguza kodi ambayo faida yake kubwa yaenda kwa wenye nacho. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao wenyewe ilikisia kwamba sheria hiyo itaongeza upungufu kwa dola trilioni 3.4 katika miaka 10. Sheria hiyo hiyo ikapunguza fedha za matibabu ya maskini wa Marekani. Na mwaka wa fedha ulipofungwa Septemba 2025, upungufu ulikuwa karibu trilioni 1.8 vile vile! Je, huku ndiko kubana matumizi? Huku ni kumnyang'anya maskini bakuli, kumwongezea tajiri sahani, halafu kutangaza kwamba nyumba haina chakula.

Hatuna ugomvi na wananchi wa Marekani. Kibarua wao naye amekatwa. Ugomvi wetu wa kwanza ni juu ya mahubiri. Mwaka 1986 nchi yetu ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Marekani ina kura nyingi ndani yake kuliko nchi yoyote, tuliambiwa kwamba nchi isiyosawazisha mapato na matumizi itaangamia. Shilingi ikashushwa thamani. Wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza malipo. Leo waliotuhubiria wanaishi kwa kukopa, na hakuna anayewatuma mabwana wa kuwakagua vitabu. Watu wa Usambara wanaijua tabia hii. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru wakulima wachimbe matuta milimani. Aliyeamuru hakushika jembe. Wakulima wakakataa, na mpango ukafa.

Ugomvi wetu wa pili ni juu yetu wenyewe. Wengine watasema: fedha ni zao, wana haki ya kuzizuia. Ni kweli kabisa! Na hapo ndipo penye aibu yetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1965, tulipovunja ubalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tulikosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatuonya kwamba misaada yaweza kuhatarisha uhuru. Tulionywa, tukapiga makofi, kisha tukaiacha dawa ya wagonjwa wetu mikononi mwa wapiga kura wa nchi nyingine kwa zaidi ya miaka 20.

Katika bajeti ya mwaka 2025/26, ya shilingi trilioni 56.49, serikali ilileta tozo za mafuta, vileo, tiketi na madini kwa ajili ya UKIMWI na bima ya afya. Twaunga mkono. Lakini tozo ya mafuta huilipa hata mama anayeteremsha mboga zake kutoka Lushoto hadi Mombo. Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, fedha hizo zisiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Pili, hesabu zake zisomwe katika mikutano ya vijiji, si Dodoma peke yake. Tatu, serikali ikitaka kukata, ianze na posho, semina na magari ya wakubwa, wala isianze na zahanati.

Wanachama, msilale. Mkutano wa kijiji ukiitwa, simameni mwulize: fedha ya dawa iko wapi? Dawa ya mgonjwa wetu isingoje uchaguzi wa watu wengine.

Uhuru na Kazi!