Umelipia kitanda, mbona unanong'ona?

Shangazi yangu ni muuguzi Uingereza. Alipotimiza miaka 60 aliamua tulale usiku mmoja Cliveden, jumba la kale lililogeuzwa hoteli, juu ya mto Thames, magharibi mwa London. Pesa za zamu za usiku hizo, bana! Mlangoni akafuta viatu mara tatu, kisha akaninong'oneza: "Wakikuuliza unasomea nini, usiseme uliacha chuo."

Jioni nzima hakuna aliyeniuliza. Lakini tuliketi pembeni mwa viti kama watu waliokuja kuomba kazi.

Hapo ndipo tunapokosea. Tukiingia majumba kama haya tunadhani yana wenyewe wa tangu jadi, na sisi ni wa kupitia mlango wa nyuma. Hebu cheki historia. Jumba la kwanza lilianzishwa na Duke wa Buckingham miaka ya 1660. Likaungua 1795. La pili likaungua 1849. Hili la sasa, la 1851, lilichorwa na Charles Barry, yule yule wa majengo ya Bunge la London. Mwaka 1893 likanunuliwa na tajiri mzaliwa wa Marekani, William Waldorf Astor. Mke wa mwanawe, Nancy, naye mzaliwa wa Virginia, ndiye mwanamke wa kwanza kuketi Bungeni kama mbunge, 1919. Yaani hao "wenyewe" walikuja na masanduku yao kama sisi.

Hata aibu ya hapo ni sehemu ya sifa. Mwaka 1961, waziri John Profumo alikutana na Christine Keeler, msichana wa miaka 19, kwenye kidimbwi cha kuogelea cha Cliveden. Kashfa ikalipuka, na 1963 waziri akajiuzulu. Kidimbwi bado kipo, na kisa kinasimuliwa hadi leo. Sasa kuacha chuo ni nini?

Kisha ikaletwa chai. Shangazi alichuma majani chai Kericho akiwa msichana, na Uingereza ni mmoja wa wateja wakubwa wa chai yetu. Nikamwambia, "Shangazi, huenda kikombe hiki unakijua kuliko wote humu." Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tufike.

Sikwambii ukope ili upige picha za Insta huko. Bustani zinasimamiwa na shirika la National Trust. Unalipa kiingilio, unatembea mchana, jioni unarudi kwako. Lakini ukiamua kulipia kitanda, kalia kiti chote. Waheshimu wanaokitandika kitanda hicho, na usimwogope yeyote.

Asubuhi mhudumu aliniuliza ninafanya nini maishani. Nikamjibu, "Niliacha chuo, naandika." Nikamtazama shangazi. Alikuwa anaomba chai nyingine.