Saa ya Sola Kilimanjaro: Isomwe kwa Hewa ya Hapa

Kila mwongozaji anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro anapaswa kupewa, kama kifaa cha kazi, saa ya mkononi inayojichaji kwa mwanga wa jua na yenye vihisi vya mgandamizo wa hewa, dira na halijoto. Apewe pia mafunzo ya kuisoma katika hewa ya Ikweta, kwa sababu bila mafunzo hayo saa itampotosha, tena kwa namna ileile kila safari. Mambo haya mawili nayasema pamoja kwa makusudi. Wapo wanaozisifu saa hizi kana kwamba kuzivaa tu kunamfanya mtu awe bingwa wa milima, na wapo wanaozibeza kuwa ni mapambo ya watalii wenye fedha. Pande zote mbili hazijachunguza saa inapima nini hasa na inakisia nini. Mlimani, kipimo na makisio visipotenganishwa, anayeumia ni mtu.

Upande wa nishati hauna ubishi mkubwa. Saa za aina hii, kama zile za mfululizo wa Pro Trek ambazo Casio ya Japani imekuwa ikiziuza tangu miaka ya 1990, zina kipande cha sola chini ya kioo na betri ndogo inayohifadhi umeme. Dakika chache za jua la wazi zinatosha kuiendesha saa kwa siku nzima, na betri iliyojaa huweza kukaa gizani miezi kadhaa bila saa kusimama. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna takriban saa kumi na mbili za mwanga kila siku, mwaka mzima, wakati anayekaa kaskazini ya mbali huvaa koti juu ya saa yake miezi yote ya baridi na kuitafutia mwanga dirishani. Safari ya Kilimanjaro huchukua siku tano hadi nane, na katika kambi nyingi kuchaji kifaa ni mahangaiko. Saa isiyomwomba mtu waya wala soketi inafaa mazingira hayo kuliko saa janja ambayo baada ya siku chache huzima, hasa ikiwa inafuatilia satelaiti muda wote. Sharti lake ni dogo: mkono wa koti usiifunike kutwa nzima.

Mambo yanakuwa mazito tunapofika kwenye mwinuko. Saa hii haijui iko mita ngapi juu ya bahari. Inachopima ni mgandamizo wa hewa, kisha inaugeuza mgandamizo huo kuwa mita kwa kutumia jedwali la hewa ya wastani lililokubaliwa kimataifa. Jedwali hilo linachukulia kwamba usawa wa bahari una nyuzi joto 15 za Selsiasi na mgandamizo wa hektopaskali 1,013.25, na kwamba joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Linafanana zaidi na hali ya nchi zilizo kati ya tropiki na ncha za dunia kuliko hali ya Moshi, mji ulio chini ya mlima. Kwa jedwali hilo, kilele cha mita 5,895 kingekuwa na baridi ya nyuzi 23 chini ya sifuri. Uhuru, kilele chenyewe, kwa wastani wa mwaka iko karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa yenye joto hutanuka, kwa hiyo mgandamizo wake hupungua polepole zaidi kadiri unavyopanda. Ndiyo maana kileleni mgandamizo huwa karibu hektopaskali 500, ilhali jedwali linatarajia takriban 480. Saa inaona hewa nzito kuliko ilivyotarajia, na inahitimisha kwamba mvaaji bado yuko chini.

Matokeo yake yanahesabika. Mpandaji akiiseti saa yake kwenye lango la Marangu, lililo chini kidogo ya mita 1,900, kisha asiiguse tena, atapanda karibu mita 4,000 huku saa ikipunja takriban asilimia tano ya mwinuko huo. Akifika Uhuru, saa inaweza kumwambia bado mita 200 hivi. Mtu aliyetembea tangu saa sita usiku, aliyechoka na mwenye kichwa kinachouma, anapoambiwa hivyo na kifaa alichokiamini, anaweza kukata tamaa, au akajilazimisha wakati mwili unamkataza. Kosa hili si la Kilimanjaro peke yake. Mwaka 1981 msafara wa utafiti wa tiba wa Marekani ulipima mgandamizo kwenye kilele cha Everest ukapata milimita 253 za zebaki, wakati jedwali la hewa ya wastani lilitabiri 236, na Everest iko mbali na Ikweta kuliko sisi. Wanafiziolojia walilichukulia jambo hilo kwa uzito, maana ziada ile ndogo ya hewa ndiyo inayomwezesha binadamu kufika juu kule bila mtungi wa oksijeni. Nasi tulitazame Kilimanjaro kwa uzito huohuo.

Hata hivyo, kosa linalojulikana ukubwa wake na upande linakoelekea ni kosa linalorekebishika, na njia ya Marangu ina alama za kurekebishia kila hatua: vibanda vya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, kisha Gilman's Point 5,685. Wanaopitia Machame wana kibao cha kambi ya Barafu, mita 4,673. Mwongozaji akiiseti saa upya kwenye kila kibao, kosa halipati nafasi ya kulimbikizana. Kutoka Kibo hadi Uhuru, mwinuko wa mita 1,175, litabaki la mita 60 au 70 hivi, na akiiseti tena Gilman's litashuka hadi mita kumi na kitu. Kazi yenyewe ni ya kubonyeza vitufe kwa muda mfupi. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na saa hushauri kuiseti mahali penye mwinuko unaojulikana, lakini mtu aliyeko Kilimanjaro anahitaji kuambiwa zaidi ya hapo: kwamba kwake, anapopanda, upungufu huo utakuwepo kila mara, na kila mara saa itasoma chini ya ukweli.

Jambo la pili, ambalo naona limepuuzwa kabisa, ni kupanda na kushuka kwa mgandamizo kila siku. Katika nchi za tropiki hewa ina maji kupwa na maji kujaa yake, mara mbili kwa siku. Mgandamizo hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hushuka hadi karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Chanzo kikubwa ni jua kupasha joto tabaka za juu za angahewa. Katika nchi za mbali na Ikweta mawimbi haya ni madogo, tena humezwa na mifumo mikubwa ya dhoruba inayopita kila baada ya siku chache. Huku kwetu ni kinyume: tofauti ya hektopaskali mbili hadi tatu kwa siku ni ya kawaida, na mara nyingi ndiyo badiliko kubwa kuliko yote ambayo saa itaona kwa wiki nzima. Saa huchora grafu ya mgandamizo, na maelekezo yake husema kwamba mstari ukishuka, hali ya hewa inaharibika. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi akiyafuata maelekezo hayo neno kwa neno, atatangaziwa mvua kila alasiri, pamoja na siku ambazo mbingu ni kavu.

Mlimani, wimbi hilohilo hugeuka kuwa mita za uongo. Kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, saa iliyolala mezani Kibo inaweza kuonyesha kwamba kibanda kimepanda mita 15 au zaidi. Mwongozaji asiyejua atadhani saa imeharibika, au atasema dhoruba inakuja na kuwatia wageni hofu bure. Anayejua atalinganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, saa kumi na saa kumi. Mgandamizo wa saa ileile ukiwa umeshuka wazi kuliko wa jana, hapo ana sababu ya kutazama mawingu kwa makini. Ni njia nyepesi, haihitaji hesabu ngumu, na hugeuza grafu isiyofaa kuwa taarifa yenye maana.

Kwa dira na kipimajoto sitakaa sana. Dira hufanya kazi vizuri ikishikwa sawa, mbali na fimbo za chuma, na isiwekwe juu ya miamba ya volkeno yenye madini ya chuma. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo katika eneo letu. Kipimajoto husoma joto la mkono, kwa hiyo saa lazima ivuliwe na kuachwa kwa karibu nusu saa kabla ya kuiamini. Na anayenunua akiwa Tanzania au Kenya asilipie zaidi kwa ajili ya saa kujirekebisha kwa mawimbi ya redio. Vituo vinavyorusha mawimbi hayo viko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, na mawimbi yake hayatufikii.

Hoja inayopinga kwa nguvu zaidi ni ya simu. Watasema simujanja ina GPS, na GPS haijali hewa ni ya joto au ya baridi. Watasema pia kwamba tangu mwaka 2022 shirika la simu la TTCL limefikisha intaneti ya kasi Horombo. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Ukitaka kujua mwinuko wa mahali uliposimama, na simu ina chaji na inaona anga wazi, simu itakupa jibu lisilopotoshwa na joto la hewa. Lakini baridi ya usiku wa kuelekea kileleni humaliza betri za simu haraka, kidole chenye glavu hakifungui skrini, na simu hiyohiyo ndiyo inayotakiwa iwe hai siku ambayo uokoaji utahitajika. Simu ihifadhiwe kwa mawasiliano, mwinuko na mwelekeo visomwe mkononi, na pale mwongozaji anapopata nafasi ya kuilinganisha saa na GPS, ailinganishe.

Hoja nyingine ni ya heshima, nami naipa uzito wake. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaufahamu mlima kwa macho na miguu tangu Yohana Lauwo, anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, na hawahitaji kidude cha plastiki kuwaonyesha njia. Ni kweli, njia wanaijua. Ila kazi ya mwongozaji wa leo ni pia kuamua kwa ushahidi na kumweleza mgeni sababu. Miongozo ya tiba ya milimani inashauri kwamba ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na siku ya mapumziko iwekwe kila baada ya siku tatu au nne. Horombo na Kibo zinatofautiana mita 1,000 kamili. Mwongozaji mwenye rekodi ya mwinuko mkononi anaweza kumwonyesha mgeni mwenye haraka, mita kwa mita, kwa nini siku ya ziada Horombo si njama ya kumwongezea gharama. Saa haipimi oksijeni kwenye damu wala haigundui ugonjwa wa mwinuko, na yeyote anayeiuza kwa ahadi hiyo anahatarisha maisha ya watu. Inachofanya ni kuupa ushauri wa mwongozaji tarakimu zinazoonekana.

Inabaki bei. Saa ya kweli ya aina hii huuzwa takriban dola 150 hadi 300, na hizo ni laki kadhaa za shilingi ambazo waongozaji wengi hawana. Masokoni kuna zinazofanana nazo kwa sura, zenye maandishi ya dira na mwinuko usoni lakini ndani hazina kihisi chochote, na ndizo zinazomfikia mtu mwenye kipato kidogo. Kwa hiyo mzigo huu ubebwe na makampuni ya utalii. Mgeni mtu mzima asiye mkazi hulipa dola 70 za hifadhi kwa kila siku kabla ya kodi. Ada ya mgeni mmoja kwa siku sita inazidi bei ya saa nzuri inayodumu miaka mingi bila kununuliwa betri. Kampuni inayokusanya fedha hizo na kuziwasilisha haiwezi kusema kwa uaminifu kwamba saa moja kwa mwongozaji mkuu wa kila msafara ni gharama isiyobebeka.

Nisingependa, kwa upande mwingine, hoja hii ivutwe hadi Ziwa Victoria na kumfikia mvuvi kama kinga. Dhoruba za ziwa lile ni za mawingu ya radi yanayojijenga usiku, na mgandamizo kwa kawaida huruka ghafla pale upepo unapokuwa umeshafika. Saa itamwonya mvuvi akiwa tayari ndani ya mawimbi. Kinachomfaa yeye ni rada na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaomfikia mwaloni kabla hajasukuma mtumbwi.

Kwa waongozaji, mafunzo haya hayahitaji chuo kipya. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka kipo kwenye miteremko ya mlima huohuo tangu 1963, na hifadhi tayari ina utaratibu wa kuwapa waongozaji leseni. Somo la siku moja linatosha: asubuhi darasani kueleza jedwali la hewa na wimbi la saa nne, mchana kupanda hadi Mandara kila mmoja akiandika alichosoma na kukilinganisha na kibao. Karatasi hizo zikikusanywa kwa misimu yote, ya mvua na ya kiangazi, katika miaka michache hifadhi itakuwa na jedwali la marekebisho la Kilimanjaro lililoandikwa kwa Kiswahili na watu wanaoupanda, ambalo mwongozaji yeyote anaweza kulikunja na kuliweka mfukoni.