Dogo wa Sokoine: tumpe muda au tumpe nauli?

  Najua dakika zako zinahesabiwa hapo kaunta, kwa hiyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Jumamosi nilikuwa Sokoine kuangalia mechi ya kirafiki ya maandalizi ya msimu. Timu moja ya hapa kwetu ilicheza na jamaa waliotoka Iringa. Jina la timu na la kijana ninayemzungumzia nayaacha makusudi. Dogo ana miaka 19, na mliokuwepo mnajua ni nani. Wengine jueni tu kwamba ni kiungo mchezeshaji, namba 10, yule ambaye timu nzima inamtafuta ikitaka kwenda mbele. Akichemsha yeye, timu yote inaonekana mbovu.

Na msimu uliopita alichemsha kweli, tusidanganyane. Alikuwa anapokea mpira akiwa ameupa mgongo mchezo, anazunguka, anakutana na watu wawili, mpira umekwenda. Mara mbili nilishuhudia bao likitokea hivyo hivyo. Hata mimi nilikuwa kwenye kundi lililokuwa linapiga kelele "toa huyo!" Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda na kalamu na daftari. Nilitaka nimhukumu kwa nilichokiona, sio kwa hasira za mwaka jana.

KIPINDI CHA KWANZA

Dakika kumi za mwanzo nilitaka kufunga daftari nikanywe chai. Pasi ya kwanza alimpa mpinzani. Ya pili aliipiga nyuma ya winga. Jukwaani watu wakaanza: "Yale yale! Mpeni nauli arudi kwao!" Jamani, mechi ya kirafiki, baridi ya Mbeya inakata masikio, na mtu ameshahukumiwa kabla jasho halijamtoka.

Halafu likatokea jambo ambalo nadhani wengi hawakuliona. Baada ya ile pasi ya pili dogo hakujificha. Mwaka jana akikosea alikuwa anakimbilia nyuma ya beki wa timu pinzani ili asipewe tena mpira. Safari hii alishuka chini kabisa, akanyoosha mkono, akaomba. Akapewa, akapiga pasi fupi ya kawaida. Akapewa tena, fupi tena. Hakuna aliyepiga makofi, maana pasi ya mita tano haina kelele. Mimi niliweka alama ya vema.

Jambo la pili ni shingo. Mchezeshaji mzuri anageuza kichwa KABLA mpira haujamfikia, anajua nani yuko nyuma yake. Mwaka jana dogo alikuwa hageuki kabisa. Jumamosi aligeuka, sio kila mara, lakini mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Ndiyo maana kipindi cha kwanza chote alinyang'anywa katikati mara moja tu, baada ya ule mwanzo mbaya.

KIPINDI CHA PILI

Hapa ndipo alipotoa ile pasi mnayoizungumzia vijiweni: katikati ya mabeki wawili, straika akabaki na kipa, bao. Uwanja ukalipuka. Wale wale waliokuwa wanataka apewe nauli wakaanza kusema apelekwe Taifa Stars!

Taratibu wadau. Tupime vizuri.

Kwanza, wageni wetu walitoka Iringa alfajiri siku hiyo hiyo. Makambako mpaka hapa sio safari ya kitoto, na ule ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa jumla. Pili, kipindi cha pili walibadilisha karibu timu nzima, na mabeki wale wawili waliopitwa walikuwa wameingia muda mfupi tu. Tatu, Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Iringa nako ni juu, lakini mtu akishuka kwenye basi na kuingia uwanjani, mapafu na miguu vinadai. Kwa hiyo ile pasi ni nzuri, lakini mimi siipi uzito kuliko zile pasi fupi za kipindi cha kwanza. Ile ilimkuta mpinzani amechoka. Zile fupi alizipiga wakati yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anazomewa.

Na kinyume chake ni kweli pia. Wachezaji wa timu yetu wapo kwenye mazoezi mazito ya pumzi, wanapandishwa milima asubuhi. Miguu ni mizito. Pasi mbili mbovu za mwanzo zinaweza kuwa uchovu tu. Mechi ya maandalizi ni kipimo kibovu cha mabao na matokeo, ila ni kipimo kizuri cha tabia: mtu anafanya nini akikosea, anasimama wapi, anamsikiliza kocha au hamsikilizi.

TUMEWAHI KUYAONA HAYA

Nani anamkumbuka Adam Salamba? Ndugu zangu wa Iringa hamuwezi kumsahau. Alikuwa straika wa Lipuli, Wanapaluhengo, msimu wa 2017/18, timu ilipokuwa imerudi Ligi Kuu na Samora inajaa. Katikati ya mwaka 2018 Simba wakamchukua. Sasa angalia alikokwenda: mbele yake walikuwepo Meddie Kagere, John Bocco na Emmanuel Okwi. Mwaka huo huo TFF ilipandisha idadi ya wachezaji wa kigeni kutoka 7 hadi 10 kwa timu. Kagere peke yake alimaliza ligi na mabao 23, na Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kijana kutoka Samora angepata wapi dakika?

Halafu ikaja ile mechi ya kirafiki na Sevilla pale Taifa, tarehe 23 Mei 2019, Simba wakafungwa 5-4. Ukimuuliza shabiki leo anachokumbuka kuhusu Salamba na mechi ile, wengi watakuambia aliomba viatu vya Ever Banega. Nchi nzima ilijadili viatu! Wapo waliocheka, wapo waliosema katia aibu. Wachache sana waliuliza swali la mpira: huyu kijana amecheza dakika ngapi msimu huu, na amekua au amedumaa? Mechi moja ya kirafiki ikageuka kuwa picha yake. Hilo ndilo linalonitisha kwa dogo wetu.

Mfano mwingine ni Mbeya City yenyewe. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikiwa na vijana wengi ambao hakuna mtu wa Dar aliyewajua. Chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Koma Kumwanya! Deus Kaseke alitoka kwenye kundi lile akaenda Yanga mwaka 2015, akahamia Singida United mwaka 2017, na mwaka 2018 akarudi tena Yanga. Njia yake haikunyooka, lakini amecheza miaka na miaka. Ungemhukumu kwa dakika kumi za Jumamosi moja ungekosea vibaya.

LAKINI TUSIWE WANAFIKI

Najua kuna mdau atasema, "wewe unaleta huruma, sisi tunataka pointi." Ana haki. Miji yetu inajua bei ya kupoteza. Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 kule Lindi, ikafungwa na Azam 1-0, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mbeya City ikashuka mwaka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa kwenye mechi za mtoano, ikarudi msimu wa 2025/26. Ken Gold ya Chunya ilipanda 2024, ikashuka 2025. Kwa hiyo kocha akimwogopa kijana siwezi kumlaumu sana. Mechi tatu za kujifunza zinaweza kuwa pointi tisa zilizokwenda.

Ila nina jambo langu. Nilipomaliza fomu foo nilikwenda kujaribiwa kwenye timu moja. Dakika ishirini, nikapiga krosi mbili mbovu, nikaitwa nje. Kocha hakuniambia nilichokosea, alisema tu "asante, mwingine." Sisemi ningekuwa mchezaji mkubwa, pengine nilikuwa garasa kweli. Lakini mpaka leo sijui kama tatizo lilikuwa mguu au woga. Hakuna aliyekaa na daftari.

HUKUMU YANGU

Dogo amepiga hatua kwenye mambo matatu: anaomba mpira baada ya kukosea, anageuza shingo, na anakubali pasi rahisi. Mambo mawili bado. Mguu wa kushoto hautumii kabisa, kwa hiyo beki mjanja atamfungia kulia na kazi imeisha. Na timu ikipoteza mpira anatembea badala ya kukimbia kurudi. Hilo la pili halina uhusiano na kipaji, ni kuamua tu, na asipoamua ligi itamuumbua.

Ningekuwa kocha nisingemwanzisha mechi ya kwanza ya ligi. Ningemwingiza dakika ya 60 tukiwa nyumbani, mechi nne au tano mfululizo, hata kama ya kwanza akiharibu. Hiyo "hata kama" ndiyo muhimu. Kumpa dakika 30 leo na kumficha miezi miwili ni sawa na kutompa kitu. Na kama nafasi haipo, apelekwe kwa mkopo timu atakayocheza kila wiki, aambiwe kwa mdomo kwa nini anakwenda, asije akasikia kwenye redio.

Na sisi wa jukwaani tuna kazi yetu. Wakati mechi inaisha nilisimama karibu na njia ya wachezaji. Dogo alipita ameinamisha kichwa, bado anasikia yale ya kipindi cha kwanza, wakati ametoka kutoa pasi ya bao. Nikamwambia, "Dogo, shingo umegeuza safi leo." Akasimama, akaniangalia kama hajaelewa, halafu akatabasamu. "Umeona, kaka?"

Nimeona, mdogo wangu. Sasa kimbia kurudi.

Haya wadau, mliokuwepo Sokoine semeni mlichokiona: dogo tumpe muda au tumpe nauli? Mtu wa Iringa njoo utuambie pia mabeki wenu walikuwa wamechoka au mnatafuta kisingizio, hahaha. Karibuni ulingoni, ila matusi hapana.