Bushi za Honda ya babu

Najua nimepotea wiki mbili, bumu lilichelewa halafu testi zikafuatana. Leo sina stori za hosteli. Nataka kubishana na jamaa zangu wa rumu, maana tangu juzi wananiambia nimshauri babu auze Honda yake kwa watu wa chuma chakavu anunue Boxer.

Jamani, mnaijua hiyo pikipiki? Ni Honda 90, ukoo wa Super Cub iliyoanza kutengenezwa Japani 1958, na kufikia 2017 zilishatengenezwa milioni 100. Foki yake siyo ya mabomba yanayoingiana kama za bodaboda. Chini ina mikono miwili mifupi iliyoshika ekseli ya tairi la mbele, na kila mkono unacheza kwenye boliti yenye kola ya chuma na bushi. Bushi zikiisha, usukani unayumba. Babu yuko Lushoto, anashuka nayo mpaka Mombo, na zile kona mnazijua. Nyuma mara nyingi kampakia mdogo wangu.

Likizo iliyopita nililitikisa tairi, likagonga ko-ko-ko. Kumbe kuna mtu alishazungushia bati la kopo humo ndani! Mimi nikajifanya injinia, nikampelekea fundi wa kerezo kipande cha nondo, nikamwambia achonge bushi na kola humo humo. Mwezi haukuisha, mchezo ukarudi. Kosa langu, wala si la fundi, yeye alichonga alicholetewa. Chuma laini kusugua chuma laini mwenzake vinakwanguana tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bushi chonga, boliti nunua. Boliti ikikatika barabarani tairi linaondoka, hapo hakuna cha kubahatisha. Bushi iwe ya bronzi, kola iwe ya chuma kigumu, ili kinacholika kiwe bushi, ambayo ni rahisi kubadilisha. Na msikimbilie kuchonga kabla ya kupima kwa venia. Tundu la mkono likishakuwa yai, lazima lipanuliwe kwanza liwe duara, ndipo bushi ichongwe nene kidogo kwa nje.

Halafu kuna kitu ambacho nilikisoma darasani na sikukielewa mpaka nilipoharibu bushi moja. Bushi unaisukuma kwa nguvu kwenye tundu, kwa hiyo inabanwa na tundu lake la ndani linapungua. Ukiichonga saizi kamili ukiwa mezani, ukishaiingiza kola haipiti. Fundi wangu wa pili, mzee mmoja mpole sana, aliacha nyama kidogo ndani, akazisukuma bushi zote mbili za mkono, ndipo akapitisha rima moja toka upande huu hadi ule, zikanyooka mstari mmoja. Nilikula chipsi kavu wiki nzima kulipia bronzi, lakini kola iliingia kwa kidole, haichezi. Tukapaka grisi, tukafunga.

Jumapili babu kanipigia: "Mjukuu wangu, imetulia, ila nikishika breki ya mbele pua inapanda." Nikacheka. Hiyo ndiyo Cub, babu, mikono ile ndivyo inavyosukuma. Hata ilipokuwa mpya ilikuwa inapanda hivyo hivyo.

Haya, mwenye Boxer anayebisha anitafute baada ya testi ya Ijumaa.